Mwenye Pampu Hana Tyubu

Mimi ni mtunza stoo. Mwaka wa tisa huu nahesabu mali za watu katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza: maboksi, magambuti, aproni, chumvi, vipuri vya mashine za barafu. Sijawahi kupungukiwa hata gambuti la mguu mmoja. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba yaliyotukuta kule nyikani hayakuletwa na mtu asiyejua hesabu. Yaliletwa na anayezijua mno.

Tulikuwa wanne. Fundi, mwenye gereji Mabatini. Kulwa, muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, ambaye hata akioga mara tatu pikipiki yake bado inafuatwa na paka. Mwalimu, anayefundisha jiografia sekondari huko Magu, mtu wa taratibu ambaye hata chai huinywa kama anaisahihisha. Na mimi, ambaye hawa wote huniita Stoo. Pikipiki zetu ni hizihizi za mjini: tatu za Kihindi za cc 150, za kubebea abiria na magunia, na XL moja kuukuu ambayo Mwalimu aliinunua kwenye mnada wa vitu chakavu.

Wazo lilikuwa la Mwalimu. Jioni moja ya Juni tumekaa juu ya matairi chakavu gerejini kwa Fundi, akafungua ramani kwenye simu. "Kutoka ziwa letu hadi Ziwa Natron, ukiweka rula, wala si mbali. Shida ni kwamba rula inapita Serengeti." Na Serengeti huingii na pikipiki. Hifadhi hairuhusu, na simba naye hana habari kwamba bodaboda ni usafiri wa umma. Kwa hiyo lazima uzunguke. Kwa kusini ipo njia: Maswa, Lalago, Meatu, uvuke Mto Sibiti, uende Haydom, Mbulu, Karatu, ndipo ushuke Mto wa Mbu na kugeuka kaskazini kuifuata njia ya Engaruka. Ni njia hiyohiyo inayotajwa kila mara mjadala wa barabara ya kukatiza Serengeti unapofufuka, tangu Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilipozuia lami kule ndani mwaka 2014. Wakubwa wanaiita barabara ya mchepuo. Sisi tuliiita likizo.

Fundi akadakia kwamba upande wa Engaruka anaujua nje ndani. Mwaka 2011 alikuwa utingo, na gari lao lilipeleka wagonjwa Samunge kwa Babu wa Loliondo, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, enzi zile nchi nzima inakwenda kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Walilala njiani siku kadhaa. "Ile njia naifumba macho napita," akasema.

Kulwa alikuwa na swali moja tu: "Natron kuna samaki?"

Mwalimu akamwambia maji ya Natron ni magadi matupu, yanababua ngozi.

"Sasa tunakwenda kufanya nini?"

Hakuna aliyemjibu, na bado alikuja.

Sharti letu lilikuwa moja: hakuna gari nyuma yetu. Nimewaona hapa mjini wageni wenye pikipiki kubwa kama ng'ombe wa maksai. Baadhi yao nyuma linakuja gari lenye fundi, maji ya baridi na viti vya kukunja. Si dhambi, mwenye nacho na atumie. Sisi hatukuwa na hilo gari, na hata tungekuwa nalo nadhani Fundi angelikataa. Tulitaka tubebe vyetu, na tukiharibikiwa tujitengenezee. Kazi ya kugawa mizigo nikapewa mimi.

Niliifanya kwa madaha. Nilichukua daftari la kaunta, nikapiga mistari, nikaazima mzani kwa jirani anayeuza mkaa. Maji lita 20, kilo 20. Petroli ya akiba lita 20, kama kilo 15 hivi, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Spana, plagi, kebo za klachi, vyuma vya kubandulia tairi, kilo 11. Chakula: unga, dagaa wa kukaanga, na kwa kuwa sisi ni watoto wa Usukumani, michembe na matobolwa. Kwa asiyevijua, vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Michembe hukatwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Vinakaa miezi bila kuoza na vinashiba haraka, ila vinadai maji kama mkopo unavyodai riba.

Kanuni yangu ilikuwa ya stoo: kitu kisijirudie. Wanne hawahitaji pampu nne. Wala seti nne za spana. Kila kitu kiwe kimoja, mahali pamoja, kwa mtu mmoja anayejulikana. Fundi akapewa zana zote. Mwalimu akapewa dumu la maji la lita 20, kwa sababu anaendesha taratibu, hatalimwaga. Kulwa akapewa chakula, sufuria na turubai, na kwa kuwa begi lake lilibaki na nafasi, nikamwongezea tyubu nne na viraka na gundi yake. Mimi nikabeba petroli, madumu mawili ya lita kumi kumi, na pampu ya mkono, maana pampu ilienea vizuri kabisa katikati ya yale madumu.

Usomeni mgawo huo mara mbili. Mimi niliusoma mara moja.

Na chupa ndogondogo za maji nilizipiga marufuku. Zinakula nafasi, zinapasuka, zinafanya mtu anywe bila mpango. Usiku wa kuamkia safari nilimkuta mke wangu ametia chupa ya lita moja na nusu kwenye begi langu. Nikaitoa, nikamwelekeza mgawo wetu ulivyo, nikamwonyesha na daftari. Alisikiliza yote, akasema sawa, baba Neema.

Tuliondoka Igoma saa kumi na moja alfajiri, katikati ya Agosti. Magu tukanywa chai na Mwalimu akatuonyesha shule yake kwa kidevu tu, kwa sababu hakutaka wanafunzi wamwone amevaa magoti ya plastiki. Lamadi, Bariadi, Maswa, kote huko ni lami, hakuna la kusimulia. Huko mbele lami ikaisha na nchi ya pamba ikaanza. Njia nzima miiba ya kandokando imenasa nyuzi nyeupe zilizodondoka kwenye magari ya magunia, unaweza kudhani kuna mtu amepita akichana mto. Mwanhuzi tulilala gesti. Dada wa mapokezi alituangalia, wanaume wanne, vumbi hadi kwenye kope, pikipiki zimefungwa madumu na sufuria, akauliza kwa sauti ya chini: "Poleni jamani, mmefiwa?"

Kesho yake tulivuka Sibiti. Darajani Mwalimu akatusimamisha. Akasema mto huu unatoka Ziwa Kitangiri unaingia Ziwa Eyasi, na Eyasi halina pa kutokea, maji yanakauka hapohapo yanabaki chumvi. "Maji yetu ya Mwanza yanasafiri mpaka Misri," akasema, "haya yanafia nyumbani." Kulwa akamkumbusha kwamba shule zimefungwa.

Kutoka Haydom kwenda Mbulu ni kupanda tu, na baridi yake hatukuifungia nguo. Barabara imejikunja kama bati la kuezekea, kila kiungo kinacheza, na huko ndiko keria yangu ilikatika chini ya uzito wa petroli. Mbulu mjini tukampata kijana wa kuchomelea. Aliikagua keria, akayatazama madumu, akavunja kicheko, kisha akaniomba kwa heshima zote niyapeleke ng'ambo ya barabara, tena kule kwenye ule mti wa mbali, kaka, siyo huu. Akachomelea akiwa na miwani ya jua. Shilingi 3,000.

Karatu tulijaza mafuta. Wote tukajaza, isipokuwa Fundi. Aliweka lita nne tu. Nilipomuuliza akanigonga begani: "Mafuta si yapo kwa Stoo? Mchangani unataka pikipiki nyepesi." Nikafurahi. Ndivyo stoo inavyotakiwa kuaminiwa.

Mto wa Mbu unaacha lami unashika kaskazini. Kushoto kwako unakuwa na ukuta wa Bonde la Ufa mwanzo mwisho, kulia uwanda. Mpaka Engaruka bado kuna dalili za watu: migomba, mifereji, watoto wa shule. Pale pembeni, chini ya ukuta, yapo magofu ya watu waliolima kwa kumwagilia karne nyingi zilizopita, kuta za mawe na mifereji yao bado inaonekana, kisha wakaondoka. Baada ya Engaruka ndipo niliwaelewa. Nchi inavuliwa nguo. Miti inapungua, majani yanapungua, inabaki migunga ya hapa na pale na vumbi la kijivu ambalo si vumbi hasa, ni majivu ya mlima. Laini kuliko sembe. Tairi la mbele likiingia humo unahisi usukani umefunguka nati. Ukishika breki ya mbele umekwisha. Unachotakiwa ni kukaa nyuma, kulegeza mikono na kuongeza mafuta wakati moyo wote unataka uyapunguze.

Na joto. Mwanza tunakaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na tunalalamika. Kule unashuka kuelekea mita 600, na upepo unaokuja usoni ni ule unaotoka ukifungua tanuri la mikate.

Tulikuwa na kanuni ya mwendo, na hiyo niliitunga pia mimi: kila mtu amtazame aliye nyuma yake kwenye saitimira, asipomwona, asimame. Fundi mbele, Kulwa, mimi, Mwalimu wa mwisho. Ni kanuni nzuri kwenye lami. Kwenye majivu, ukimfuata mtu kwa karibu huoni kitu na mapafu yanajaa, kwa hiyo unamwacha aende hadi vumbi lake litulie. Naye wa nyuma yako anafanya hivyohivyo. Baada ya nusu saa mstari wa mita mia mbili umekuwa wa kilomita tatu.

Sitasingizia vumbi peke yake. Fundi alikuwa amekolea. Alikuwa anaruka kama yuko kwenye mashindano, Kulwa anamkimbiza, na mimi niliona aibu kuachwa na muuza dagaa. Saitimira yangu ilikuwa imejaa majivu. Kuifuta ni sekunde mbili. Sikuifuta.

Kitu ambacho ramani haisemi kuhusu njia ile ni kwamba siyo moja. Kila dereva anakimbia makorongo ya aliyemtangulia, anapasua pake, na mwisho unakuta njia sita, nane, zimetandazwa uwandani kama nywele zilizofumuliwa, nyingine zinarudi kuungana, nyingine zinaishia kwenye boma la mtu. Mahali fulani Fundi na Kulwa walishika ya kulia. Mimi nilishika ya kushoto, kwa sababu ilikuwa ngumu kidogo na nilitaka kufupisha niwatokee mbele.

Nilisimama saa nane kasoro, nilipoona njia yangu imekuwa ya ng'ombe. Nikazima injini.

Sijui niseme nini kuhusu ule ukimya. Nimezaliwa mjini, kwenye mawe ya Igogo, ambako hata saa tisa usiku kuna mtu anapika au anagombana. Pale nilisikia injini ikipoa, tik, tik, kisha nikasikia damu yangu masikioni. Mbele mlima wa volkano, Ol Doinyo Lengai, umesimama peke yake, mweupe juu, umechongoka kama pia iliyogeuzwa. Hakuna vumbi mbele. Hakuna vumbi nyuma. Simu haina hata kijiti kimoja.

Nikafanya nilichozoea, nikahesabu nilichonacho. Petroli lita 20. Pampu moja.

Nilirudia kuhesabu, kama vile kuna kitu kingeongezeka. Maji yako kwa Mwalimu. Zana ziko kwa Fundi. Tyubu ziko kwa Kulwa. Ulimi ulikuwa umeshaanza kunata juu kwenye kaakaa, na mikononi nilikuwa na lita 20 za kitu cha majimaji. Hapo ndipo niliona daftari langu lilivyokuwa. Nilikuwa nimeigawa pikipiki moja nzima kwa watu wanne, na nimewaruhusu waachane.

Sikwenda mbele. Nikageuza, nikafuata alama za tairi langu mwenyewe, polepole, nimesimama kwenye vikanyagio nizione vizuri. Ilinichukua zaidi ya nusu saa kurudi pale njia zilipogawanyika, na kidogo tena nyuma yake, chini ya mgunga, nikaiona XL ya Mwalimu imeegemezwa kwenye mti. Tairi la nyuma liko chini kabisa.

Mwalimu amekaa juu ya helmeti yake. Pembeni yake amesimama bibi mmoja wa Kimaasai na punda watatu, kila punda amefungwa madumu ya njano ya lita 20, sawasawa na letu. Dumu letu lipo chini, katikati yao. Walikuwa wanapiga soga, Kiswahili kidogo upande mmoja na Kimaa kidogo zaidi upande mwingine.

"Takwenya, yeyo," nikasalimia.

"Iko," akaitika, akanitazama kuanzia kwenye helmeti hadi kwenye viatu, kisha akamuuliza Mwalimu kitu.

"Anauliza kama wewe ndiye yule mwenye pumzi," Mwalimu akasema. Nilidhani ananisema. Kumbe alikuwa amemweleza kwamba mwenye pampu atarudi. Hakusema huenda. Alisema atarudi, na akakaa.

Alinipa maji kwa kifuniko cha dumu. Vifuniko sita. Hakunigombeza, na nilimwombea anigombeze.

Yule mama akanyoosha fimbo upande wa kaskazini mashariki, akaonyesha vidole viwili, akapuliza kiganja: pikipiki mbili, vumbi, zamani kidogo. Kisha akawapiga punda mbinja wakaondoka. Yeye hupita pale kila baada ya siku moja, Mwalimu aliniambia, na madumu yote yale, kwa mguu.

Sasa tulikuwa na pampu na pancha, ila tyubu na vyuma vya kubandulia viko kwa wengine. Mwalimu alikuwa ameukagua mwiba: mweupe, mrefu kama kidole cha shahada, umezama hadi shinani. Nilitaka kuung'oa akanishika mkono. "Uache. Ndiyo kizibo chetu." Tukajaza upepo. Pampi mia na hamsini, kwa zamu, hamsini mimi, hamsini yeye, hamsini mimi. Tairi likasimama. Tukakimbia kama kilomita mbili, likaanza kuyumba. Tukashuka. Mia na hamsini. Tukakimbia tena. Mkono wa pampu ni wa chuma na jua limeupiga, kwa hiyo nilivua soksi nikaivaa mkononi. Kila nikiinama jasho linadondoka kwenye majivu, linatengeneza kijitobo kidogo cheusi, kinakauka kabla sijafika kumi.

Kwenye kituo cha nne au cha tano Mwalimu, aliyekuwa amelala chali akisubiri zamu yake, alianza kunieleza kuhusu Lengai. Kwamba lava yake si kama ya milima mingine. Ina soda badala ya mchanga wa kawaida, inatoka nyeusi kama mafuta machafu, ina joto la nyuzi 500 na kitu, nusu ya lava ya kawaida, na ikikutana na unyevunyevu wa hewa inageuka nyeupe. Ndiyo maana juu pale panafanana na theluji. Mara ya mwisho kulipuka kwa kishindo ilikuwa 2007 kuingia 2008. Nikamwomba anyamaze. Akasema, "Umeshafika mia na thelathini, hukuona?" Ni kweli, sikuona.

Tuliwakuta saa kumi na moja. Pikipiki ya Fundi imelazwa kando ya njia, tanki limekauka; ameliinamisha ubavu apate tone la mwisho, halikumfikisha popote. Kulwa angeweza kwenda Engare Sero, kijiji cha karibu na ziwa, peke yake na tanki lake, ila hakumwacha. Wamekaa kivulini mwa turubai walilotundika kwenye helmeti mbili na fimbo. Njaa iliwashika, wakafungua begi la chakula. Hapo ndipo Kulwa alipokosea: alitia tobolwa zima mdomoni. Lilikuwa limegeuka unga mkavu, limejaa mashavu yote mawili, halimezeki wala halitemeki, na alipotuona alisimama akatupungia mikono, akajaribu kupiga kelele, ikatoka poda.

Mwalimu ndiye alicheka kwanza. Kisha mimi. Fundi hakucheka. Alichukua dumu la maji akanywa hadi tumbo likalia, akachukua dumu langu la petroli akajaza tanki, akafungua mfuko wa zana, akaibandua tairi ya Mwalimu bila neno. Ndani ya tyubu tulikuta matundu matatu. Mwiba ulikuwa unazunguka na kuchoma upya kila tulipokimbia na upepo mdogo. Alifunga tyubu mpya. Dakika ishirini. Vitu vyote vinne vilikuwa vimekaa pamoja, na kazi yote ilikuwa ya dakika ishirini.

Alipomaliza kufuta mikono Mwalimu ndiye aliyesema, tena kwa upole ule wa kusahihisha: "Stoo umeifunga vizuri sana. Ila ufunguo, kila mtu ameondoka na jino lake moja."

Usiku huo Engare Sero hatukuongea sana. Nilipika ugali mimi, kama faini. Tulipokula dagaa wamekwisha, Fundi akachokonoa moto akasema bila kumtazama mtu: "Mwaka ule usingepotea. Foleni ndiyo ilikuwa barabara." Babu mwenyewe alifariki 2021, na foleni ilikwisha zamani zaidi ya hapo. Nadhani huko ndiko kuomba radhi kwake. Baada ya hapo tulimwaga mizigo yote juu ya turubai tukagawa upya kwa mwanga wa simu: kila mtu lita tano za maji, na tyubu tatu zilizobaki kwa watu watatu tofauti. Pampu ikabaki moja, nasi tukaapa kununua nyingine. Daftari nililitumia kuwashia moto wa asubuhi.

Kijana wa kijiji alitupeleka kuona nyayo. Zipo zaidi ya 400, za binadamu, kwenye majivu ya volkano yaliyokauka yakawa jiwe, na waliozichunguza wanazipa umri wa kati ya miaka 5,000 na 19,000. Vidole vinaonekana. Kisigino kinaonekana. Kijana akatuambia kuna kundi moja la watu 17, wengi wao wanawake, waliotembea pamoja kuelekea upande mmoja.

"Pamoja," Mwalimu akarudia, akanitazama.

Ziwa lenyewe linakuja taratibu. Unatembea kwenye ganda la magadi linalovunjika kama kaki, unadhani umefika, hujafika. Mbali kuna mstari wa waridi unaochezacheza kwenye joto, hao ni heroe. Ndiko wanakozalia wale wa aina ndogo wa Afrika Mashariki. Nilitia mkono majini. Yanateleza vidoleni kama ya kufulia yaliyozidi sabuni, na ya vuguvugu. Tulisimama pale, watu wanne wa ziwani, mbele ya ziwa, na kila mmoja ameshika chupa yake ya maji kama mtoto wa chekechea.

Kulwa alikuwa amepotea tena. Tulimkuta pembezoni, kwenye kijito cha chemchemi ya moto kinachoingilia ziwani, amechuchumaa, suruali ameikunja.

"Mwalimu," aliita bila kugeuka. "Njoo uone hapa."

Samaki. Wadogo, wa kidole, wanapita kwenye maji yale ya moto na magadi kama hawana habari. Mwalimu alichuchumaa naye. Ni jamaa za sato, alisema baadaye, wanaishi kwenye chemchemi za hapo na si kwingine duniani, na ndiyo, alikuwa anajua, ila alipoulizwa gerejini alifikiri Kulwa anauliza wa kuuza.

"Mimi niliuliza kama wapo," Kulwa akasema.

Alikaa pale saa nzima. Tulikuwa tumepanga kuupanda ukuta hadi Sale na Waso, tukauacha. Hakuna aliyelitamka, tulifunga tu mizigo kuelekea kusini.

Tulirudi kwa lami: Makuyuni, Babati, Singida, Nzega, Shinyanga. Fundi alikaa wa mwisho njia nzima, kwa hiari yake, na kila nikitazama saitimira taa yake ilikuwepo.

Singida ilitukuta mvua isiyo ya msimu, ya dakika kumi tu. Nikasimama chini ya kibanda cha muuza kuku, nikachimba begi hadi chini kutafuta koti la mvua, ambalo nilikuwa sijaligusa tangu Mwanza. Lilikuwa zito. Nikalikunjua. Katikati yake, imevingirishwa vizuri isigonge, chupa ya lita moja na nusu, imejaa mpaka shingoni.

Niliinywa yote hapohapo, nimeipa mgongo ile mvua. Ilikuwa na joto na ladha ya plastiki. Wenzangu sikuwaambia, wakisoma hapa ndiyo wanajua.

Nyumbani nilifika saa nne usiku. Mke wangu alinifungulia geti, akanipokea begi, akalipima kwa mkono.

"Chupa nimeiona," nikamwambia.

"Umeiona wapi?"

"Singida."

Alinyamaza kidogo. Nilisubiri. Alikuwa anafikiria ramani, nadhani, Singida iko wapi na Natron iko wapi.

"Na iko wapi sasa?" akauliza. "Maana ile ndiyo ninayopimia mafuta ya taa."